Lisirudishwe Nyuma

3 Februari

Kwa Fundi wa gereji iliyo nyuma ya kiwanda cha mbao,

Barua yako nimeipata, na imenichekesha peke yangu jikoni kama mwehu. Eti unauliza kama gari "linatembea". Mwanangu, lingekuwa linatembea ningelibandikia tangazo la "linauzwa kwa mwenye moyo wa kulitengeneza"?

Nikueleze yote mapema, usije ukasema mama mmoja kakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ni gari la kifahari, la rangi ya wino, viti vya ngozi, na mbele ya dereva kuna ubao wa mti halisi, si plastiki. Marehemu mume wangu alilinunua kwa meneja mmoja aliyekuwa anahama, na siku hizo watu walikuwa wakisimama barabarani kulitazama likipita. Sasa limesimama uani kwangu mwaka wa kumi na saba. Tairi zimekufa zote. Ile mifuko ya hewa iliyokuwa inaliinua imeishiwa pumzi, tumbo limelala chini, ukiliona utadhani limepiga magoti. Panya wamekula nyaya za upande wa kulia. Kuku wa jirani ametaga chini ya boneti mara mbili, na mayai nilikula mimi, usimwambie. Ngozi ya viti imepasuka, isipokuwa ya dereva. Habari za injini sina.

Bei ni ile ile ya kwenye tangazo. Ila nina sharti moja, na hilo usinibishie: gari lisirudishwe nyuma ndani ya ua wangu. Hata kwa kusukumwa. Hata hatua moja. Litoke kwa mbele. Najua geti liko nyuma yake, sijapofuka. Nimeshamwita mwashi, kesho anabomoa kipande cha ukuta kilicho mbele yake, upana wa gari na nafasi ya mkono kila upande.

Utaniona nimechanganyikiwa, haya. Lakini lichukue kabla mwezi haujaisha. Mwanangu wa kiume hajatia mguu katika nyumba hii kwa miaka kumi na miwili. Hata kumzika baba yake hakuja. Ameapa hatakuja maadamu gari hilo lipo uani. Nimebaki na mtoto huyo mmoja tu, na nataka aje wakati bado ninaweza kusimama jikoni nikampikia mwenyewe.

Ukifika usiulize nyumba ya nani. Uliza kwa Twiga, ndivyo walivyomwita mume wangu kwa urefu wake, kila mtu atakuonyesha.

Mjane wa Twiga


14 Februari

Mama, shikamoo,

Gari limefika na limelala mahali pazuri, chini ya bati. Uliona mwenyewe tulivyolivuta kwa mbele kama ulivyoagiza. Yule dereva wa lori alikuwa anacheka chinichini, nikamwonyesha macho akanyamaza.

Unisamehe siku ile kila ulichosema nilikujibu "ndiyo, ndiyo". Sikuwa nasikia. Nimenyoosha bati tangu nina miaka kumi na tisa, na nyundo zimeyala masikio yangu yote mawili. Hapa gereji mtu akitaka kuniambia kitu anachukua chaki anaandika sakafuni. Ndiyo maana naitwa Fundi Chaki, na ndiyo maana simu kwangu ni pambo. Injini naisikiliza kwa kiganja. Naweka mkono kwenye bati, mkono unaniambia. Wenye masikio wanasikia kelele, mimi nasikia ugonjwa.

Sasa, Mama, nina desturi yangu. Kila gari kuukuu ninalonunua linafunguliwa daftari. Namwandikia aliyeniuzia, naye ananijibu kwa mkono wake, na siku gari likipona daftari linakwenda pamoja na funguo. Bila daftari siuzi. Zamani niliuza gari ambalo sikuliuliza lilikotoka, breki zikamfia mtu kwenye mteremko. Yeye alipona. Mimi bado.

Kwa hiyo niambie: nani alikuwa akiliendesha? Liliwahi kugonga? Lilizimwa lini, na kwa nini halikuwashwa tena? Na nani ni namba mbili?

Hilo la mwisho nikufafanulie. Mlangoni kwa dereva kuna vitufe viwili. Magari ya wakubwa yana akili hiyo, siti inakumbuka mtu. Ukibonyeza moja, inarudi nyuma mpaka mwisho na kushuka, bila shaka hiyo ni ya marehemu. Ukibonyeza mbili, inakuja mbele mpaka kifua kinakaribia usukani, tena inapanda juu. Huyo ni mtu mfupi sana. Nilipoweka betri nijaribu taa, kabla sijagusa kitufe, siti ilikwenda yenyewe kwenye mbili.

Nikairudisha kwenye moja, nikatoa betri, nikapiga mstari wa chaki kwenye reli yake, maana mimi kila kitu nakiwekea alama mahali nilipokikuta. Kesho yake asubuhi mstari uko peke yake nyuma, na siti iko mbele. Betri iko rafuni kwangu, karibu na birika la chai. Panya nawajua kwa kula nyaya, kwa kusogeza siti siwajui.

Labda ni jambo dogo. Nijibu nitulize roho.

Fundi Chaki


20 Februari

Marahaba, Fundi,

Nakujibu kwa mpangilio wako.

Gari aliendesha mume wangu peke yake. Mimi sijui kuendesha. Katika maisha yangu sijashika kitu chenye gurudumu isipokuwa cherehani. Namba mbili atakuwa mke wa yule meneja, sikuwahi kumwona, pengine alikuwa mfupi.

Liliwahi kugonga, ndiyo. Mara moja tu. Andika kama unataka kuandika. Nilikuwa na binti, kitindamimba wangu, miaka mitano. Asubuhi mume wangu alikuwa analirudisha nyuma uani, na mtoto alikuwa nyuma. Ndiyo siku lilipozimwa, na sasa unajua kwa nini halikuwashwa tena. Mume wangu alifungwa mwaka mmoja na nusu, akarudi amepungua mwili na maneno. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alitoka shule na sare yake akakuta watu wamejaa uani. Tangu siku hiyo hakumwita tena "baba". Alisema "yule mtu". Alipofika miaka kumi na minane alifunga begi akaondoka.

Nilimwandikia kwamba gari limekwenda. Amenijibu! Anakuja tarehe 16 Machi. Amesema atakwenda kaburini kwa mdogo wake, lakini kwa yule mtu hatasimama. Makaburi yenyewe yamepakana, Fundi, huwezi kusimama kwenye moja usisimame kwenye jingine. Nimemjibu sawa mwanangu, njoo tu.

Gari tengeneza, ni kazi yako na nakutakia heri. Lakini habari za siti usiniulize tena.

Mjane wa Twiga


1 Machi

Shikamoo Mama,

Pole. Nimeandika pole hiyo mara tatu nikaifuta, maana kila mara ilikuwa ndogo. Ipokee hivyo hivyo.

Kazi inakwenda. Nyaya nimezibadili, mifuko ya hewa nimeipata kwa mtu, na juzi gari lilisimama lenyewe kwa miguu yake. Sote tuliacha kazi tukalitazama. Injini nayo haijafa, imelala tu.

Uliniambia nisiulize. Siulizi, ninaeleza, kwa sababu ukikaa na jambo kama hili peke yako unaanza kujipima homa.

Siti imekwenda mbele mara tano sasa. Reli ina mistari ya chaki kama ukuta wa mfungwa. Betri bado iko rafuni. Halafu kuna kioo cha pembeni cha kushoto. Magari haya ukitia gia ya nyuma kioo hicho kinainama chenyewe, ili dereva aone ardhi karibu na tairi la nyuma. Sasa kinainama bila gia. Nakiinua kwa mkono, nakwenda kula, nikirudi kimeinama. Kinatazama chini, penye tairi la nyuma la kushoto, hapohapo kila siku. Wenzangu wameanza kuzunguka upande wa pili wakipita.

Alhamisi saa saba mchana nilikuwa peke yangu, wote wamekwenda kula. Jua kali, mlango wazi. Nilikuwa nikipiga msasa kifuniko cha buti, kiganja cha kushoto nimekilaza kwenye bati. Nikasikia pigo. Mimi sisikii, Mama, lakini hili nilisikia, kwa mkono. Kiganja cha mtu kimepiga bati, chini ya mkono wangu, usawa wa kiuno. Kiganja kidogo. Nikageuka, hakuna mtu. Nikabaki pale mkono ukiwa bado juu ya bati. Baada ya muda kama wa mtu kuvuta pumzi, likaja la pili.

Sisi tunaopanga magari yakirudi nyuma tuna lugha yetu, labda marehemu alikuwa akiijua. Anayesimama nyuma akipiga bati mara moja, dereva simama. Akipiga mawili ya haraka, njoo. Haya hayakuwa mawili. Ilikuwa moja, na moja. Nimeyaandika hivyo daftarini.

Chini ya siti ya dereva nimeokota mto mdogo wa kukalia, wa maua ya manjano. Umeshonwa kwa cherehani, pindo mbili, kazi safi kabisa. Huyo mke wa meneja alikuwa na mshonaji mzuri.

Mimi si polisi wala mtu wa dini. Ila daftari lina ukurasa mmoja mtupu, na siwezi kuujaza kitu ambacho gari lenyewe linakikataa. Nina wazo, ukiliona la kijinga tupa. Kila mtu hapa amejaribu kukaa kwenye siti ile ilipo, hakuna inayemwenea. Njoo ukae. Mara moja tu, kisha nitakupa chai na nitakurudisha stendi mwenyewe.

Fundi Chaki


4 Machi

Fundi,

Choma huo mto. Gari likate vipande uuze vyuma, nitakurejeshea ulichonilipa, senti kwa senti.

"Moja, na moja." Nani amekuambia uandike hivyo? Nani mwingine umemsomea hilo daftari lako?

Mwanangu anakuja baada ya siku kumi na mbili. Nimenunua shuka mpya. Nimepaka rangi chumba chake. Wewe una gari, mimi nina mtoto mmoja. Usiniandikie tena.

Mjane wa Twiga


7 Machi

Mama, shikamoo,

Mwanao nimepewa ruhusa kazini, siku nne nzima, kwa hiyo andaa sufuria kubwa. Bado nakula kama zamani, usidhani mji umenifundisha adabu.

Jirani ameniandikia kwamba gari limeondoka kweli na ukuta una tundu. Nilisoma barua yake nimesimama mlangoni, nikakaa chini kwenye ngazi. Sikujua kwamba miaka yote hii nilikuwa nimebana pumzi.

Kile kibao cha kaburi la mdogo wangu, cha zamani kilichooza, nimekitengeneza kingine. Unajua kazi yangu ni vibao vya maduka, asubuhi mpaka jioni nachonga "Karibu" na "Hatukopeshi". Hiki nimekichonga kwa mbao nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Nimeandika: "Binti wa mama yake, mdogo wa kaka yake." Basi. Yule mtu sikumweka. Najua moyo wako mlaini utataka kumtetea, na nakuomba usimtetee. Alilirudisha gari bila kutazama, akaishi, akazeeka, akafa kitandani. Mdogo wangu hakuzeeka.

Katika jambo lile lote, Mama, wewe peke yako ndiye uliyebaki msafi. Ndiyo sababu ninarudi.

Kifunguamimba wako


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara nne, na kila nikifika kwenye neno lenyewe nakwenda kufagia. Nyumba imekuwa safi sana. Leo sifagii.

Juzi nilipanda basi nikaenda kwenye gereji ya nyuma ya kiwanda cha mbao, lilipo gari. Fundi wake ni kiziwi, mtu mpole, alikuwa ameniandikia mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Nilikwenda kumgombeza. Nilipolikuta gari limesimama kwa miguu yake, limeng'aa, nililizunguka lote badala ya kumgombeza. Alinifungulia mlango wa dereva. Siti ilikuwa mbele kabisa, juu, na mto wangu wa maua ya manjano umewekwa juu yake. Hakuuchoma, ingawa nilimwamuru. Nikakaa. Ilinienea, mwanangu. Miguu ikafika. Mikono ikafika. Kioo cha kushoto kilikuwa kimeinama, na nilipokaa kikainuka chenyewe polepole, kama mtu aliyeita kwa muda mrefu na hatimaye amejibiwa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha.

Baba yako alikuwa akinifundisha pale uani, miezi miwili, wewe ukiwa shule. Tulitaka kukushangaza siku nikikuja kukuchukua mwenyewe. Nilikuwa sioni mbele ya usukani kwa ufupi wangu, nikajishonea mto, akacheka mpaka akakaa chini. Ndiye aliyeniita Nukta. Yeye Twiga na mimi Nukta, unakumbuka. Alinitunzia kitufe changu mlangoni, akaniambia sasa gari linakujua.

Asubuhi ile alikuwa bafuni ananyoa ndevu. Nikasema nitaligeuza gari alikute linatazama geti, aone kama sijaiva. Mdogo wako akakimbia nyuma kunipangia. Baba yenu alikuwa amemfundisha na yeye: moja simama, mawili njoo. Alipenda kazi hiyo kuliko kula. Nikatia gia. Nikasikia pigo. Nikawa nangoja la pili, lakini mguu wangu haukungoja. Likaja la pili. Nikasema moyoni, mawili, njoo. Nikaja.

Baba yako alitoka na povu la sabuni shavuni. Aliona. Hakupiga kelele. Alinitoa kwenye gari kwa mikono yake, akaniweka kwenye ngazi ya jikoni, akaingia yeye. Majirani walimkuta amekaa kwenye siti yangu, magoti yamekwama kwenye usukani, amekunjika vibaya, hakupata hata muda wa kuirudisha nyuma. Mtu mrefu vile kwenye siti kama ya mtoto. Hakuna aliyemwuliza aliwezaje kuendesha hivyo. Watu hawatazami magoti siku kama ile.

Aliniambia, wewe huna leseni, watakuweka ndani miaka. Na kijana anaweza kukua bila kumpenda baba yake, bila mama hataweza. Nikakubali. Nasema nilikubali, mwanangu, sikulazimishwa. Nilikubali ulipoacha kumwita baba mezani, yeye akakusogezea chumvi. Nilikubali ulipoondoka. Nilikubali siku ya mazishi yake niliposimama peke yangu na watu wakanong'ona, mwanawe ana haki.

Gari hakutaka kuliuza. Kila Jumamosi aliliosha, halafu akakaa siti ya nyuma, mlango wazi. Nilimwuliza mara moja, unaliweka la nini? Akasema, "Siku utakayoweza kusema, Nukta, utahitaji shahidi." Mimi nikaliuza ili wewe uje. Nililiuza ili shahidi aondoke.

Kuna jambo moja ambalo hata baba yako sikumwambia. Nilimwambia mtoto alipiga mawili. Miaka kumi na saba nimeapa ni mawili. Lakini nilikuwepo, na yule fundi kiziwi ameyasikia sawasawa. Ilikuwa moja, na moja. Alisema simama. Halafu akasema tena, simama.

Kibao chako kina kosa. Ukija, kichonge upya. Usipokuja nitaelewa, ila kwa baba yako nenda, hata kama kwangu hutafika.

Nukta


17 Machi

Fundi,

Jana ilikuwa tarehe kumi na sita. Nilipika tangu alfajiri. Nilitandika shuka. Nilikaa barazani mpaka jua likazama, kisha chakula nikampa jirani.

Mwanangu nilimwandikia yote. Hakujibu na hakuja. Ukurasa wako mtupu ujaze: namba mbili ni mimi. Lilizimwa na mume wangu, lakini lilipogonga niliendesha mimi.

Ahsante kwa ule mto. Kesho mwashi anakuja kuziba ukuta. Upepo unaingia, na sioni tena sababu ya kuuacha wazi.

Mjane wa Twiga


17 Machi

Mama, shikamoo,

Barua hii nampa dereva wa basi la kwanza la kesho na nimemsihi aifikishe mkononi mwako kabla hajanywa hata chai.

Jana, wakati wewe unapika, mwanao alikuwa hapa.

Alifika saa nne asubuhi. Nilimjua alipoinama mlangoni, hakuna mteja wangu mwingine anayeinama pale. Alikuwa amekumbatia kibao kilichofungwa gazeti. Nikampa chaki. Akaandika sakafuni: LIKO WAPI. Nikampeleka. Nikampa na daftari, maana anayelitaka gari ana haki nalo. Alilisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na alipofika kwenye lile la Alhamisi alirudia kusoma.

Kisha akafungua mlango. Siti ilikuwa mbele, kama kawaida yake, tangu ulipoondoka imebaki pale. Nikataka kumwonyesha kitufe, nikakumbuka hakuna betri. Akaingia hivyo hivyo. Mama, aliingia kwa kujikunja, magoti yakakwama kwenye usukani, kichwa kimegusa dari, na akafunga mlango. Alikaa vile muda mrefu. Sikuelewa kwa nini mtu ajitese hivyo, mpaka baadaye aliponionyesha barua yako.

Halafu siti ikarudi nyuma. Nimesimama dirishani, nimeona kwa macho yangu mawili, na mkono wangu ulikuwa juu ya paa. Betri iko rafuni karibu na birika. Ilirudi polepole, ikishuka, mpaka kwenye mstari wangu wa kwanza wa chaki, ule wa namba moja, ikasimama hapo. Miguu yake ikanyooka. Ilimwenea kama ilivyomwenea baba yake. Aliweka kichwa kwenye usukani na mabega yakaanza kutikisika. Nikaenda kukagua tairi ambazo hazikuhitaji kukaguliwa.

Alilala kwangu, kwenye kochi, miguu nje. Asubuhi ya leo aliazima patasi yangu akakaa juani na kile kibao. Sikuyasoma yote. Niliona "mama yake" ipo palepale, na chini yake mbao bado nyeupe alipoongeza "na baba yake".

Mchana niliweka betri. Injini iliitikia mara ya pili. Lakini banda langu lina mlango mmoja, Mama, na gari lilikuwa limeingia kwa mbele. Kutoka lazima lirudi nyuma. Nilimwona amekaa na mkono juu ya gia, haondoki. Nikaenda nyuma mimi mwenyewe, nikaweka kiganja kwenye buti, nikamwonyesha kidole: mimi nipo. Akatia gia. Kioo cha kushoto kikainama, safari hii kwa sheria yake. Gari likarudi kama shibiri mbili.

Nikasikia pigo. Moja. Chini ya mkono wangu, usawa wa kiuno. Mimi sikuwa nimepiga.

Alisimama palepale. Breki zilishika hata sijaondoa mkono. Nikangoja, muda wa pumzi moja, pumzi mbili, pumzi kumi. La pili halikuja.

Alishuka, akazunguka nyuma, akachuchumaa penye tairi la kushoto. Hakukuwa na kitu, sakafu tu. Akaweka kiganja pale chini, akakiacha. Kisha akaniomba chaki. Hakuniambia kama amekusamehe, na mimi sikumwuliza, mambo hayo hayaandikwi sakafuni. Aliandika maneno machache na kunionyesha kwa kidole kwamba ni yako, nikuandikie kama yalivyo:

UKUTA USIZIBWE. NAJA KESHO, KWA MBELE.

Fundi Chaki